Raketi ya Mpwa Wako

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na pokea salamu nyingi za mdogo wako. Naamini kwa neema ya Mungu hamjambo wote hapo nyumbani, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umekubali tena kuinama. Wifi aliniambia kwenye simu kuwa unakataa kupumzika na unadai mbao hazijipigi randa zenyewe. Mwambie nimesema aifiche hiyo randa.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa mwili nasema, maana roho yangu haijatulia tangu Jumamosi. Barua hii naianza na kuiacha. Naandika mstari, nainuka, nafagia palipofagiliwa, narudi. Leo asubuhi nilikaa kwenye cherehani kupandisha pindo la suruali ya mteja, nikashtukia mguu mmoja nimeushona mdomo ukaziba kabisa. Ungekuwepo ungeniita lile jina ulilonipa utotoni, Kiguu na Njia. Kwa simu nisingeweza kukueleza. Ungesikia sauti yangu tu, ukaanza kunihurumia kabla hujajua nimefanya nini.

Hata sasa ninapoandika, mpwa wako yuko nyuma ya nyumba anapiga mpira ukutani. Tak, tak, tak. Hali vizuri, hasemi. Ukuta ungekuwa na mdomo ungeomba msaada.

Unajua kwamba yale mashindano ya kimataifa ya tenisi ya meza ya wanaume safari hii yamefanyika mjini kwetu. Ukumbi ulijaa wageni kutoka nchi ambazo hata kuzitaja siwezi, na wengine mapigo yao macho hayayafuati, unasikia mlio tu. Basi kijana wetu aliwatoa mmoja baada ya mwingine mpaka akaingia nusu fainali. Kaka, nililia. Mtoto aliyejifunzia kwenye meza uliyomgongea kwa mlango wa zamani, ile yenye tundu la kitasa, mpira ukitumbukia tunacheka mpaka tunasahau hesabu!

Twiga unamkumbuka, yule mwenzake mrefu aliyegonga kichwa kwenye kizingiti chetu akauomba mlango radhi. Yeye alitolewa mapema, akabaki kumbebea mwenzake mkoba. Ni mtoto wa hapa kwangu yule, ananiita Mama na sufuria zangu anazijua. Sasa pale ukumbini alikuwepo wakala wa klabu ya ng'ambo, naye alikuwa anawatazama hao wawili. Alimwambia kocha kwamba nafasi ni moja: mpwa wako akifika fainali anasaini mkataba na kuondoka naye, akikwama, wote wawili watajaribiwa upya.

Jumamosi asubuhi, siku ya nusu fainali, walipita hapa nyumbani wakitoka mazoezini, kwa sababu kile kitambaa cha namba mgongoni mwa fulana kilikuwa kimeanza kubanduka, na mpwa wako hakutaka kishonwe na mtu mwingine. Wakanywa chai. Twiga akamtania mwenzake kwamba akienda ng'ambo amwachie godoro lake. Mpwa wako akamjibu kwamba godoro hilo litamfika kiunoni, miguu italala barabarani na magari yatampigia honi. Nikacheka nao, huku sindano ikinichoma kidole.

Kuna utaratibu wao mmoja ambao huenda hujauona. Kabla ya mchezo kuanza, kila mmoja humpa mpinzani wake raketi aikague. Mpinzani alikuwa mgeni mwenye ndevu nyekundu. Alipitisha kidole gumba juu ya raba, ule mpira unaobandikwa kwenye raketi, akasita, akapitisha tena, kisha akakinusa. Nilimwona kutoka jukwaani akimwonyesha mwamuzi kidole kinachometameta. Mwamuzi akaifuta raketi kwa kitambaa, akadundisha mpira juu yake, ukateleza. Akaikataa. Nyuma yangu mtu mmoja akauliza kama kijana alikuwa anakaangia mayai, na mwenzake akasema basi hayo mayai yameshaungua. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

Raketi yake ya akiba ilikuwa imepasuka raba siku moja kabla, kwa hiyo akacheza na ya Twiga. Ni sawa na kukimbia umevaa viatu vya mwenzio. Mipira yake ilienda wavuni, mingine ikapitiliza meza. Hakupata hata seti moja. Mwishoni yule mgeni alimshika bega kama anayempa pole ya msiba.

Kocha akauliza nani alikuwa na mkoba. Twiga, bila hata kufikiri, akasema ni yeye, na kwamba tangu watoke nyumbani kwa Mama haujatoka begani kwake. Ukweli wake ndio uliomponza. Mpwa wako akamwambia mbele za watu kwamba kama aliitaka hiyo nafasi angeomba tu, angeachiwa, kuliko kumpaka mtu mafuta kwenye raketi. Twiga akalia, jitu zima, kichwa juu ya vichwa vyote, hana pa kujificha. Kesho asubuhi kamati ya chama inakaa, na kocha anasema watamfungia asicheze popote.

Jana alikuja hapa. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia mimi ndiye mtu pekee aliyebaki anayemwamini. Nikamwambia namwamini. Kisha nikamtazama akiondoka ameinamisha shingo.

Kaka, ni mimi.

Asubuhi ile mpwa wako alipoingia kuoga, nilimtuma Twiga dukani kuninunulia uzi. Uzi nilikuwa nao, droo imejaa. Mkoba ulikuwa juu ya meza yangu ya kukatia. Nikafungua, nikamimina mafuta ya maombi kiganjani, nikaipaka ile raketi pande zote mbili, kama ninavyompaka usoni tangu akiwa mdogo kila anapokwenda kwenye mtihani. Mimi ni fundi, tone moja la mafuta kwenye kitambaa cha mteja hunitoa jasho. Lakini asubuhi ile sikuona raba. Niliona paji la uso la mwanangu.

Na bado sijafika penyewe. Ungeniuliza niliomba nini, ungedhani niliomba ushindi. Nilifungua kinywa niseme Bwana mpe ashinde, nikajisikia nasema Bwana usimwondoe. Nikarudia, na machozi juu. Shemeji yako, baba yake huyu, naye aliaga hivi hivi kwenda kufanya kazi ng'ambo, na wewe ndiwe uliyekwenda kulipokea sanduku lenye mwili wake. Sikujua mafuta yataharibu, Mungu ni shahidi yangu. Lakini nilichokiomba nimekipata, na anayekilipia ni mtoto wa mwanamke mwenzangu. Tangu siku hiyo nikipiga magoti sijui nianzie wapi.

Mpira umenyamaza huko nyuma. Ngoja.

Nimerudi. Chai niliyoiacha hapa imepoa. Nimemwambia yote. Alinisikiliza ameushika mpira kiganjani. Habari za mafuta hakuniuliza hata kidogo. Aliniuliza niliomba nini. Nilipomjibu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauzungusha ule mpira vidoleni mpaka nikatamani anifokee. Halafu akasema kwamba pale ukutani, tangu Jumamosi, alikuwa anapiga uso wa Twiga.

Ameniambia nivae viatu. Tunakwenda kwa Twiga kwanza, na yeye ndiye atakayetangulia kumwomba radhi, kisha mimi. Kutoka hapo tunakwenda wote watatu kwa kocha, leo hii, hatungoji kamati. Chupa ya mafuta nimeitia mkobani, wasioamini wainuse wenyewe. Wakala bado yuko hotelini. Mpwa wako amesema atamwomba awajaribu wote wawili, na akichaguliwa yeye, ataondoka. Hakuniomba ruhusa, kaka. Alinijulisha, akaingia ndani kutafuta fulana safi.

Naomba msaada wako mmoja. Mwombee mpwa wako aende salama na arudi kwa miguu yake. Nimejaribu maneno hayo sasa hivi nikifunga kamba za viatu, hayatoki. Omba wewe kwa sauti, hapo hapo karakanani, hata kama unapiga randa. Mimi huku nitaitikia amina.

Nisalimie wifi, nibusie watoto, na majirani wote wanaoniulizia waambie nipo. Ananiita mlangoni, nami nafunga bahasha.

Ni mimi mdogo wako,
Kiguu na Njia