Nafasi Sita, Watu Saba

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua imekata tangu juzi, na vumbi la Makanyagio limeanza kurudi juu ya cherehani yangu. Nina amani kiasi, na aibu kidogo. Acha niandike kabla aibu haijaisha.

Jana kibarazani ninaposhonea, redio ilikuwa inajadili bima ya afya kwa wote. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa anasubiri suruali yake ipunguzwe akasema, "Nyie mnataka serikali iwabebe kama watoto. Kila mtu abebe kaya yake!" Nikatoa pini mdomoni ili nimjibu vizuri. Nikamwambia serikali ni mzazi, na mzazi hachagui nani atibiwe na nani aachwe. Wateja wakanipigia makofi. Nilijisikia mbunge kabisa.

Saa kumi akapita mwandikishaji wa mtaa wetu, akaniachia fomu ya bima ya kaya. Akasema nijaze kwa penseli kwanza, maana wengi wanakosea. Ina nafasi sita.

Kwangu tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, Rehema niliyeachiwa na marehemu dada yangu, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Usevya. Wa saba anahitaji fomu nyingine, na fomu nyingine ni malipo mengine, yatasubiri tuvune mpunga.

Maana yake, mpaka mavuno, mmoja wetu asiugue.

Mume wangu alikuwa kijiweni na bodaboda yake. Nikaandika majina sita peke yangu, na mama mkwe sikumwandika. Nilijiambia wazee hutibiwa bure, wakati najua fika kuwa dawa zake za presha mara ya mwisho tulinunua dukani. Nilijiambia pia kwamba yeye ameshakula chumvi ya kutosha. Hilo la pili linanichoma mpaka sasa.

Mama hajui kusoma. Alikuwa pembeni yangu anapepeta mchele, akaniuliza, "Mama Neema, mimi umeniandika wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama."

Akacheka kwa furaha. Akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya kliniki aliyoifunga kwenye kipande cha kanga, akaniwekea mapajani ili nisikosee jina lake.

Nilifuta yote. Nikaanza naye, wakafuata watoto wanne. Ikabaki nafasi moja, na tuliobaki ni wawili, mtu wa bodaboda na mtu wa cherehani. Nikamwandika yeye, kwa sababu barabarani watu huvunjika miguu, na mimi adui yangu ni sindano tu. Jioni nilipomwambia, aliniomba mama asijue. Fomu imeondoka asubuhi.

Bado naamini serikali inapaswa kutubeba wote. Ila leo mwalimu angekuja nisingempigia kelele zile. Mimi nilikuwa na watu saba tu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwacha mmoja.

Mchana nimekohoa mara tatu nikasingizia vumbi. Mama akaweka ungo chini, akanitazama.

"Nenda hospitali, mwanangu. Si tumeandikwa?"

Nimemwambia nitaenda kesho.