Mwanamume Nyuma ya Mjane

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Kariakoo tuko wazima, na mama yako amepona mafua.

Umeuliza ile kamera ya filamu niliyokupa ipelekwe kwa fundi kila baada ya muda gani. Ukiitumia sana, kila mwaka. Ukiitumia kidogo, hata miaka mitatu. Usisubiri igome.

Nilipokuwa msichana nikipiga picha studio kwa kamera hiyo, bosi wangu alikuwa akisubiri igome. Mchana mmoja nilimpiga picha mjane wa Kichaga, ameketi peke yake. Tulipoisafisha picha, nyuma yake alisimama mwanamume, mkono begani kwake. Fundi aliifungua kamera, akasema filamu ilikwama na picha mbili zikapandana. Niliipitia filamu nzima. Hapakuwa na mwanamume yeyote niliyempiga.

"Nikupige nyingine, mama?" nilimuuliza mjane.

Aligusa koti la yule mwanamume pichani. "Acha, mwanangu. Koti hilo tulimzika nalo."

Fundi aliisafisha kamera, na haijarudia tena. Ipeleke tu, usiogope. Ila tangu babu yako atutoke, kuna siku natamani fundi yule asingeigusa.

Bibi yako anayekupenda