Picha za Ndani

Mama Saumu,

Ninyi Waislamu mnazika haraka. Asubuhi nilikuwa Pretoria nikipiga video ya ubatizo, nikapigiwa simu kwamba umeanguka jikoni, na nilipofika Turffontein jioni wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, wanakunja mikeka. Sikukuaga. Ndiyo maana ninakuandikia, na usinicheke kwa Kiswahili changu cha Bukavu. Nimejitahidi kukinyoosha ulivyotaka.

Habari za huku. Chumba chako amechukua fundi cherehani, Mkongomani mwenzangu, na mashine yake ina kelele mpaka jirani analalamika. Kamera yako ninayo mimi. Ule mguu wa stendi yake unaoyumba bado unayumba. Maharusi wananiita kama walivyokuita wewe, niwapige picha upande wa wanawake, na mlangoni ninaweka beseni la simu, nimelifunika kanga yako ya njano. Kila mgeni anaacha simu yake kabla hajavua mtandio. Mabinti waliozaliwa hapa wananijibu kwa Kiingereza kwamba zama zimebadilika. Nawaambia sharp, sawa, basi rudini nyumbani na simu zenu. Wanaziacha.

Nilikwenda kwenye ule mkutano wa watu wa televisheni, ambao wewe ulikata tangazo lake ukalibandika juu ya jiko. "Furaha, usizeeke na harusi za watu, nenda," uliniambia. Basi nikaenda. Watayarishaji walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine wakaeleza walivyoingia kazini. Mmoja alianza kwa kubeba nyaya, mwingine kwa kuchemsha chai, na wote walisema hakuna aliyewafungulia mlango. Nikajiuliza sasa waliingilia wapi, lakini nilisikiliza.

Mwisho kulikuwa na kikao cha sisi wengine. Mwenye kazi yake aonyeshe dakika moja, na watakaopendeza wapewe nafasi ya kujifunza kamera kwenye tamthilia, kwa mshahara. Hiyo ndiyo niliyoifuata. Mama Saumu, niliitaka sana nafasi ile.

Shida yangu unaijua. Kazi zangu nzuri zote zimefungiwa kabatini kwa mama za maharusi. Tunapiga, tunahariri, tunamkabidhi mama mtu, tunafuta. "Picha ya ndani haitoki nje," ulisema siku ya kwanza. Mimi Mkristo, na kwetu wanaume na wanawake wanacheza ukumbi mmoja, nikaona hayo ni mambo yenu. Siku hizi ninayasema mimi, tena kwa ukali kukushinda.

Ya ndani niliyobaki nayo ni moja tu. Ni ile ya harusi ya Kensington, ulipochoka kujizuia ukanipa kamera, "Hebu nishikie," ukavua mtandio ukaingia katikati ya wenzako ukacheza. Ulipofariki, mwenye harusi alinipa nakala nimtunzie binti yako. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Mwanga wa dirishani umekuja wenyewe, unazunguka, unacheka, mvi zako zote nje, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Nisikudanganye, nilikwenda nayo. Niliiweka kwenye flashi pamoja na nyingine ya nje, nikasema nitaamua hukohuko. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akanishauri, "Eish, sister, weka ile kali kuliko zote, hawa hawangoji." Nikaitwa. Fundi mitambo akauliza afungue ipi. Nikatazama meza ya waamuzi, wanaume wawili na mama mmoja, na nyuma yao ukumbi umejaa, nikakuona wewe na mvi zako kwenye kile kiwambo kikubwa, wote wanakutazama. Nikamwambia afungue ile nyingine.

Hiyo unaikumbuka. Ulikuwa umenituma nje nikalete betri. Viatu vimerundikana mlangoni, kaka yako Shabani anakuja na sinia la pilau, anabisha hodi, anageuza uso ukutani. Mlango unafunguka kidogo, mkono wenye hina unatoka, sinia linaingia, mlango unafungwa. Vigelegele. Shabani anabaki amesimama na kijiko. Ukumbi ulicheka sana. Mwamuzi mmoja akauliza kama ninayo ya ndani. Nikajibu ninayo, ila si ya kuonyeshwa hapa.

Hawakunichukua. Waliandika kwamba nina ucheshi lakini sijawaonyesha ninavyopiga watu. Watu! Nilikukasirikia, Mama Saumu. Nilikaa kitandani nikakugombeza kwa sauti, kwamba umejifia zako na masharti yako umeniachia mimi. Kisha nikalia, maana hukujibu. Hujawahi kuniacha nigombane peke yangu.

Saumu anafika Jumamosi kutoka Tanga. Alikuwa mdogo ulipomwacha kwa bibi yake, na picha yako aliyonayo ni ile ya pasipoti, umekunja uso. Hajawahi kukuona ukicheza. Tutakaa chumbani kwangu tuitazame ile picha, mimi na yeye na wale wanawake wa Kensington, na kwenye beseni simu yangu itatangulia. Kaka Shabani ameomba naye aone. Nimemwambia wewe ni dada yake, lakini wale wengine si dada zake. Alinuna. Baadaye akapiga simu kusema basi yeye atapika.

Kwa watu wa televisheni nitarudi, na safari hii nitakwenda na nyuso za walioniruhusu. Nimeanza na yule fundi cherehani, anayependa kamera kupita kiasi. Hilo nakuahidi, na ninakuahidi kwamba ile yako haitaonyeshwa ukumbini maisha yangu yote. Pumzika, mwalimu wangu.

Jumamosi Shabani akibisha na sinia lake, nitatoa mkono tu.

Furaha wako