Kiti cha Hamsini

Jumatano, 4 Juni

Nimechoka. Niandike hivyo kwanza, mengine yafuate.

Matroni kaja ofisini na daftari kifuani. Daktari bingwa wa macho anafika Jumanne. Siku tatu tu, watu kumi kwa siku — thelathini. Baada ya hapo hadi mwakani. Wanaongoja kutolewa mtoto wa jicho ni sitini na wawili! Anataka orodha yao yote kwenye karatasi moja, aibandike ukutani. Nikamweleza kwamba programu yetu ni foleni: inamtoa wa mbele, basi, wa katikati haonekani. Akasema hayo ni yangu, yeye anataka karatasi.

Haya. Kugeuza foleni kuwa safu, yaani orodha inayoonekana yote kwa pamoja. Kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Baba naye yumo kwenye hao sitini na wawili. Jana kamimina chai nje ya kikombe, kisha akakilaumu kikombe eti kimesogea.

Ijumaa, 6 Juni

Aibu! Nilimtoa mgonjwa mmoja mmoja kwenye foleni, nikamweka kwenye safu. Safu ikajaa — foleni ikabaki tupu. Mapokezi wakaja juu: wagonjwa wote wamekwenda wapi? Nikawarudisha kutoka nakala ya asubuhi.

Nikaandika upya. Safari hii sitoi mtu. Foleni yangu imekaa kwenye viti themanini — ndivyo ninavyoviita, ni nafasi tu kwenye kompyuta. Napita kiti kwa kiti kuanzia cha kwanza. Kitupu naruka, chenye mtu nanakili jina. Majina sitini na mawili. Nimehesabu mara mbili. Matroni kaichukua karatasi ikiwa bado ya moto.

Jumamosi, 7 Juni

Baba ni wa tisa! Wa tisa!

Dada kalia kwenye simu. Baba hakulia. Kaniuliza polepole kama sikumpitisha mlango wa nyuma. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa. Akasema basi atalala vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nimemkuta mama mmoja kwenye benchi la korido, fundi cherehani. Kola ya gauni imejaa sindano, zote zimetungwa uzi. Jirani humtungia kumi kila asubuhi, zikiisha na kazi imeisha. Kajiandikisha mwaka jana, kabla ya mvua. Sasa iweje awe wa thelathini na mbili? Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ofisini kwamba mashine haina upendeleo, mama.

Nikarudi kufungua programu nitafute tarehe yake. Mwaka jana kweli. Kiti cha hamsini.

Nikaisoma tena namba hiyo.

Foleni yangu ni ya mzunguko. Mimi mwenyewe niliijenga hivyo, tena kwa mbwembwe! Viti vikijaa hadi cha themanini, anayefuata anarudi kukaa kiti cha kwanza, kilichoachwa na waliokwisha kuondoka. Kwa hiyo wa mbele kabisa leo yuko kiti cha hamsini. Nilitakiwa kuanzia hapo, nizunguke. Mimi nimeanzia cha kwanza. Waliokuja mwisho, thelathini na mmoja, nimewaweka juu, waliotangulia nimewatupa chini.

Fundi ni wa kwanza. Baba ni wa arobaini.

Kosa lenyewe ni mstari mmoja. Nimelirekebisha kabla chai haijapoa. Karatasi sahihi sijaichapisha. Matroni ameshawapigia simu watu wote thelathini, wengine wako njiani — hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili naiandika hapa tu. Ni baba. Namtaka aone. Najionea haya, na bado namtaka aone.

Jumanne, 10 Juni

Saa tano. Saba wameshaingia chumba cha upasuaji.

Baba yuko chumba cha maandalizi, wamemtia dawa jicho la kushoto. Kamtuma muuguzi aniambie nijiandae, leo ataona mwenyewe nilivyokonda.

Nimeichapisha karatasi sahihi. Iko mezani, kifudifudi.

Fundi amegonga mlango. Hakununa hata kidogo, heri angenuna. Anasema karatasi ya ukutani haioni, wanamsomea wapita njia, hawaamini. Anataka nimsomee mimi niliyeiandika. Akisikia kwangu kwamba ni thelathini na mbili, atakwenda zake nyumbani, asingoje bure. Nimemwomba akae kidogo, namalizia kuandika kitu.

Amekaa. Anachomoa sindano kwenye kola na kuzirudisha, moja moja, kwa kupapasa.

Korido wanaita wa nane.

Ameniuliza kama nimemaliza.

Nimesema bado, mama.