Pole kwenye Ukurasa wa Kwanza

Gasorwe, 9 Septemba 2019

Shemeji Elias,

Nakusalimu kutoka huku kilimani. U hali gani, na ile homa uliyokuwa nayo imekuachia? Mimi nipo, magoti tu yananinung'unikia asubuhi. Binti yetu Lucia amerudi shuleni na viatu vya mwaka jana. Anasema vinambana, lakini akiitwa kucheza anakimbia navyo vizuri.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tunajua tunavyofanya. Unaniita, nakuitika, halafu wote wawili tunanyamaza mpaka vocha inakwisha. Barua hii atakuletea Radjabu, dereva wa basi dogo la Muyinga na Gitega.

Jumamosi nilishuka Muyinga mjini, kwa Kadidja wa duka la fotokopi. Alinifungulia tovuti uliyotutengenezea, akanichapia. Ninayo hapa mezani. Juu kuna picha ya kaka yako, ile ya kwenye karatasi zetu za kurudi kutoka Tanzania, nawe umeizungushia utepe mweusi. Chini umeandika: Longino, 1966–2019, Mungu amlaze mahali pema. Halafu zaburi. Halafu namba yangu ya simu.

Ni nzuri, shemeji. Kadidja alivua miwani, akaifuta.

Lakini tangu uiweke, simu inalia, na kila nikiipokea ni pole. Wiki iliyopita alipiga bwana mmoja wa Ngara. Tuliongea robo saa nzima. Alinipa pole, akanisimulia msiba wa mama yake, nami nikampa pole yake. Nilisubiri aulizie miche. Hakuuliza. Na mimi ningeanzaje? Mtu anakulilia mume wako, wewe umwambie una miche ya parachichi? Baadaye Radjabu aliniambia kwamba bwana huyo alikuwa anatafuta miche mia mbili, na aliipata kwa mtu mwingine.

Kaka yako ameacha miche zaidi ya elfu mbili kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo. Yote aliibebesha mwenyewe, akiunga kijiti cha mti mzuri juu ya kila shina, mwezi mmoja kabla ya kulazwa. Mvua za msimu huu zikipita kabla haijapandwa, mizizi itatoboa viriba na kuingia ardhini, na ukiung'oa mche wa namna hiyo unakufa. Nakuomba tovuti iseme tunauza nini. Hilo tu.

Msalimie bosi wako Valentin.

Mimi shemeji yako,
Kasilda


Gitega, 18 Septemba 2019

Shemeji yangu,

Barua yako nimeipata, na Radjabu ameniambia umekonda. Kula, tafadhali. Mimi homa imeniacha, nipo kazini kila siku. Hapa mjini ofisi zinaongezeka, na kila mtu anataka tovuti kabla hajapata kiti.

Nimekuelewa. Nimesoma tovuti za makampuni makubwa ya Bujumbura nione wanavyoandika, halafu nimetuongezea maneno haya (kitalu nimekiita pépinière, kama wao):

"Pépinière Longino ni mshirika wako wa kuaminika katika suluhisho endelevu za kijani, kwa ustawi wa kaya na jamii. Tunathamini ubora. Tunatembea pamoja nawe kuelekea kesho iliyo bora."

Ilinichukua siku tatu. Naamini sasa itaeleweka.

Picha nimeiacha palepale. Ukurasa wa kwanza ni kama mlango, na mlangoni anakaa mwenye nyumba.

Mbusu Lucia.

Shemeji yako,
Elias


Gasorwe, 3 Oktoba 2019

Shemeji Elias,

Habari za siku hizi? Sisi tumeamka. Mvua ya kwanza imenyesha Jumatatu, na paa la jiko limevuja palepale kaka yako alipokuwa akisema ataliziba kesho.

Nimekwenda tena kwa Kadidja, akanichapia maneno mapya. Niliyasoma mara tatu njiani nikirudi. Mimi niliishia darasa la saba, nikadhani labda kosa ni langu. Basi siku ya soko nikawasomea watu waliokuwa wamepumzika pale kwa fundi viatu, jina nikaliruka, nikawauliza: hawa watu wanauza nini?

Venansi, yule wa kubeba ndizi kwa baiskeli, alijibu wa kwanza: "Hao ni watu wa mikopo. Wakikwambia wanatembea na wewe, jua watakufuata mpaka nyumbani."

Mama muuza nyanya akamkatiza: "Wee, mikopo gani! Hilo ni dhehebu jipya. Kesho iliyo bora ni mbinguni."

Waziri, fundi mwenyewe, hata hakuinua kichwa kwenye kiatu. "Hiyo iko projet ya misaada," alisema. "Watakuja na gari, watapiga picha, watakwenda. Mi nimeshapigwa picha mara ine."

Nilicheka nao. Lakini nilipofika nyumbani na kuona miche, kicheko kikaisha. Hakuna hata mmoja aliyesema miti, shemeji. Na hao ni majirani wanaotujua.

Nimejaribu kuandika mwenyewe. Usinicheke:

"Tunauza miche ya parachichi ya kubebeshwa. Ipo sasa. Tuko Gasorwe, mkoa wa Muyinga."

Weka hayo juu kabisa. Na picha, kama inawezekana, ipelekwe ukurasa wa ndani. Sikuambii umtoe. Nakuambia tu kwamba mtu akimwona yeye kwanza, haoni kitu kingine.

Leo nimejaribu kuzungusha viriba vya mstari wa mwisho. Viwili vimegoma. Nilipovuta nikasikia mizizi inakatika.

Shemeji yako,
Kasilda


Gitega, 11 Oktoba 2019

Shemeji,

Natumaini mko salama.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ungesema tu kwamba unataka niondoe picha ya kaka, badala ya kuzungukia kwa muuza nyanya.

Tulipokimbia mwaka tisini na tatu nilikuwa na miaka mitatu. Alinibeba mgongoni kutoka Gasorwe mpaka Ngara. Kambini ndiye aliyenipeleka shule. Tuliporudi ndiye aliyeuza mbuzi wake wa kwanza nikajifunze kompyuta. Ile ni picha yake pekee niliyo nayo. Hatujafika hata siku ya kumaliza matanga, na wewe unataka nimtoe mlangoni niweke mti.

Miche ni ya kwako, sikatai. Lakini jina ni la kwetu.

Elias


Gasorwe, 4 Novemba 2019

Shemeji Elias,

Sijui kama unaumwa au umekasirika. Radjabu anasema alikuona sokoni ukinunua samaki wa ndagala, kwa hiyo namshukuru Mungu, huumwi. Nimekutumia salamu mara mbili hukujibu. Mimi sijambo. Lucia alikuwa na tumbo, limepoa.

Nilitaka kunyamaza kama wewe. Lakini kuna jambo la wiki jana lazima nikueleze.

Alhamisi walikuja wanawake kumi na mmoja kutoka Ryansoro, huko kwenu Gitega. Wana kikundi cha kulima, kiongozi wao anaitwa Gaudensia. Mtoto wake aliwaonyesha tovuti kwenye simu, naye akanipigia kuuliza njia. Walipanda gari mbili, wakatembea kilomita nne kwa miguu, wamevaa vitenge vya misa. Wamebeba chungu cha pombe ya mtama na bahasha ya rambirambi.

Niliwatandikia mikeka nje, na nje yetu unaijua: kote ni viriba. Walikaa katikati ya miche. Wakaimba wimbo wa kanisa. Gaudensia akatoa hotuba ya kumsifu mtu ambaye hakuwahi kumwona. Wakati wote huo mikono yao ilikuwa inagusa majani. Mmoja aliinama akakitazama kile kidonda cha shina, mahali kaka yako alipofunga kijiti kwa utepe wa mfuko wa chumvi, akakikandamiza kwa kidole kama mtu anayejua anachotafuta. Nikaona anamkonyeza mwenzake.

Hawakuuliza bei. Ungeuliza wewe, kwenye matanga? Nami nilikaa pale, nimekunja mikono, nikisema kimoyomoyo: uliza, mama, uliza. Walikunywa, wakaomba, wakaniachia bahasha, wakaondoka mikono mitupu. Nikabaki na miche yangu na pombe yao.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia, shemeji. Sikumlilia Longino. Nililia kwa hasira.

Nimechoka kupewa pole. Nimeshapewa ya kutosha mpaka kaburini kwangu. Unasema ni picha pekee uliyo nayo. Mimi ninayo suruali yake ya kazi, mguu wa kushoto mweusi kwa utomvu, kwa sababu alikuwa anafutia kisu hapo, na mimi nikimgombeza. Sijaifua. Lakini sijaitundika mlangoni ili wateja waisujudie. Nimeikunja, nimeiweka sandukuni, kwa sababu ni yangu.

Alipolazwa hakuniuliza juu ya jina. Kila asubuhi aliuliza kama miche imenyweshwa. Siku ya mwisho pia aliuliza. Nikamwambia ndiyo, na haikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa pale hospitali nimemshika mkono. Nimeinywesha tangu hapo bila kukosa siku. Sasa mia tatu na kitu imeshakita mizizi ardhini, naihesabu kama imekufa. Iliyobaki ina wiki nne, tano zikienda sana.

Ikiwa hutaki kubadilisha, niambie nimlipe mtu mwingine atengeneze ukurasa wangu usio na jina la mtu. Sitaki kufanya hivyo. Lakini nitafanya.

Shemeji yako, ambaye bado ni shemeji yako,
Kasilda


Gitega, 10 Novemba 2019

Shemeji,

Nisamehe. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Barua yako niliisoma ofisini, na Valentin akaniona uso. Unamjua, Mkongo wa Uvira, hana aibu ya kuuliza. Nikamfungulia tovuti yetu. Hakuwa ameiona, nilikuwa namficha. Akaitazama, akashuka mpaka chini, akapanda tena.

"Elias, mi naona mutu alikufa," akasema. "Pole sana. Lakini muti iko wapi?"

Nikamwambia miti ipo, imetajwa, suluhisho za kijani.

"Ile ni rangi ya ukuta," akasema. "We sikia. Mteja akikuya na kazi ya namna hii, we ungemufukuza."

Ni kweli. Ningemfukuza. Kila siku nawaambia wateja: sema unauza nini, kiko wapi, mtu afanye nini akikitaka. Ya kaka yangu mwenyewe niliandika kama mtu anayechonga msalaba. Nafikiri nilikuwa nachonga. Siku ya mazishi wazee walishika koleo, mimi nikapewa kazi ya kushika simu za watu.

Nimeitoa picha. Nimeichapa, ipo ukutani kwangu juu ya kitanda. Jina nimeliacha juu kwa herufi za kawaida, bila utepe. Maneno ni ya kwako, na nimeongeza machache. Soma uniambie kabla sijayaweka. Mwambie Kadidja anipigie, nisisubiri barua:

"Tunauza miche ya parachichi ya kubebeshwa. Ipo sasa, tayari kupandwa mvua hizi. Huanza kuzaa mwaka wa tatu. Njoo uchague mwenyewe Gasorwe, mkoa wa Muyinga; ukifika sokoni uliza kwa Kasilda. Ukitaka bei, piga simu, utaambiwa hapohapo."

Hilo la mwisho nimeliweka kwa ajili ya wale mama wa Ryansoro.

Nitumie picha ya miche. Kadidja ana simu nzuri.

Mdogo wako,
Elias


Gasorwe, 8 Desemba 2019

Elias, mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na Valentin pia, mwambie namshukuru kwa mdomo wake. Sisi tumechoka, lakini ni uchovu wa kazi.

Nilichelewa kuandika kwa sababu tangu ulipoyaweka yale maneno sijakaa. Siku ya pili tu simu ililia saa mbili asubuhi. Nikasema "alo", nikajiandaa kupewa pole. Mtu akasema: "Ipo bado?" Bila hata kunisalimu! Nilitaka kumbusu.

Wa Ryansoro sikuwasubiri wasome. Nilimpigia Gaudensia mwenyewe. Nikamwambia: mama, mlipokuja mlikuja kwa msiba, nami niliwapokea kwa msiba. Sasa nawapigia kwa biashara, ninyi na mimi tuanze upya. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama we," akasema, "tulitoka hapo tumenuniana njia nzima. Kila mtu anamlaumu mwenzake kwamba angeuliza." Walikuja na gari la kukodi, wakachukua mia nne. Safari hii walibishana nami bei mpaka nikakasirika kweli.

Iliyokita mizizi imekufa karibu yote. Nilijaribu kuing'oa na udongo wake, ikanyauka. Nyingine imeuzwa; imebaki mia moja hivi iliyo nzima, nayo Venansi anaipeleka kidogo kidogo kwa baiskeli. Viriba vitupu nimevirundika nyuma ya nyumba. Uwanja umekuwa mpana, Lucia anauogopa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulitegemea. Siku nyingine simu inalia mara nne, tano, na hakuna anayemtaja. Wanataka miche, wanapata miche, wanakata. Ndicho nilichokuomba. Lakini jioni nikiiweka simu chini naona kama mtu ametoka ndani ya nyumba bila kuaga. Usijilaumu, na usirudishe picha. Nakwambia tu kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Jana alipiga mzee mmoja wa huko juu, sauti ya kukwaruza. Alichukua miche thelathini mwezi uliopita, yote imeshika, hakuna hata mmoja ulionyauka. Hajui habari zetu, tovuti alisomewa na mjukuu. Akaniuliza: "Hii miche nani aliyebebesha?"

Nikasema, mume wangu.

Akasema: "Mwambie ana mkono mzuri. Mimi nimelima miaka hamsini, sijaona mshono kama ule. Utamwambia?"

Shemeji, nilikuwa nimesimama katikati ya ule uwanja mtupu. Ningeweza kumweleza. Angenipa pole.

Nikamjibu, ndiyo, mzee. Nitamwambia.

Kasilda, shemeji yako