Dakika Kumi za Nyanya

Pioneer, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Shangazi Maximilla,

Ile tafsiri ambayo Kaka Lennox amekutumia pamoja na sauti ya nyanya, inayosema kwamba nyanya anaimba wimbo wa kuwaombolezea wavuvi waliozama, ni uongo. Niliitunga mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama. Kama bado hujaisikiliza hiyo sauti wala kutia sahihi fomu yake, nakuomba umalize kwanza kusoma barua hii.

Sasa nikusalimu, maana hukunilea nikose adabu. Hujambo, Shangazi? Goti lako linaendeleaje? Na kuku wangu niliyemwacha hapo kisiwani Mfangano, mmeshamla? Sisi huku ni wazima. Baba yuko kazini, vumbi limejaa hadi kwenye sufuria, nami nangoja matokeo ya Form Four huku nikimwangalia nyanya. Nyonga yake iliyovunjika imeanza kupona, lakini tangu apatwe na kiharusi, Kijaluo na Kiswahili vimemtoka kabisa. Amebaki na Kisuba tu, na humu ndani ni mimi peke yangu ninayemwelewa. Baba, unavyojua, aliishia kwenye salamu.

Lennox alitujia mwezi wa kumi na moja akiwa na karatasi ya chuo kikuu. Anataka kusomea shahada ya uzamili ya lugha zinazokaribia kutoweka, na karatasi ilieleza kila kinachotakiwa: digrii ya kwanza yenye alama nzuri, barua mbili za walimu wake, rekodi ya dakika kumi mfululizo ya mzee anayezungumza lugha hiyo, alama ya kidole chake ya kukubali kurekodiwa, na tafsiri. Kila alichopata alikiwekea tiki kama mtu aliyetumwa sokoni. Mwanzoni nilifurahi, Shangazi. Nilidhani kuna watu mahali fulani wanaosikitika kama mimi kwamba maneno ya nyanya yataisha. Nikajikaza nikamuuliza kama mtu anayekijua Kisuba tangu utotoni anaweza kusomea kozi hiyo siku moja. Alicheka, akasema mimi ni data, si mwanafunzi. Kisha akamwita Mama aje asikie maajabu, eti kasichana haka kameongea, leo lazima mvua inyeshe.

Siku ya kurekodi alifika asubuhi kabla sijamhudumia nyanya. Hakumsalimu. Hakuketi hata kidogo, alisimama tu juu yake akiwa na viatu vyake vya vumbi. Alikishika kidole gumba cha nyanya akakibandika kwenye wino kisha kwenye karatasi, akaniambia nimweleze kwamba ni karatasi ya hospitali. Sikumweleza nyanya kitu. Kisha akaiweka simu juu ya mto, karibu kabisa na mdomo wake.

Nyanya akaanza kusema, maneno yaleyale, akiyarudiarudia, mara kwa sauti ndogo, mara kwa kilio. Lennox akaninong'oneza, akitaka kujua anaimba nini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mambo ya mwili wa mzee hayatajwi mbele ya mwanaume, hata awe mjukuu wake. Niliangalia sakafu nikasema ni wimbo wa wavuvi waliozama. Ndilo lililonijia. Karibu acheze kwa furaha. Nilipoinuka nisogee kitandani, aliniwekea mkono kifuani akanionyesha simu. Ilikuwa dakika ya sita. Wanataka kumi bila kukatizwa, na nikigusa chochote ataanza upya, hivyo nikae nitulie. Nikakaa. Nilikaa dakika nne, Shangazi, na hizo ndizo zinanitia kinyaa kuliko uongo wote.

Kesho yake alinipa kalamu, nami nikajaza kurasa mbili za mitumbwi na wajane. Aliisifu kazi yangu. Jina langu halimo.

Nimezunguka sana, lakini lazima niandike. Nyanya alikuwa anasema hivi: nimelowa, mtoeni huyu mwanaume, Marion njoo unibadilishe, nimelowa. Ni hayo tu, dakika kumi nzima.

Ijumaa iliyopita Lennox alipata barua ya kukubaliwa kwa muda, hadi akamilishe yote yanayotakiwa, Baba akaita watu wa kanisa tumshukuru Mungu. Baada ya chai Lennox akaunganisha simu na spika. Watu wazima waliinamisha vichwa wakisikiliza. Pasta Eliakim alifuta macho, akawaombea wavuvi wale na familia zao, kisha wageni wakapiga makofi. Nikakimbilia chumbani kwa nyanya.

Alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta, ila hakujua kwamba ni yeye. Alinishika mkono akaniuliza yule mama anayelia huko ni wa nani, na mbona nyumba imejaa watu na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumbadilisha. Akaniambia yeye ni mkavu, nimwache, niende kwanza kwa yule.

Sasa kwenye ile karatasi imebaki tiki moja. Mzungumzaji wa pili wa lugha lazima athibitishe tafsiri kwa sahihi yake. Ndiyo sababu Lennox amekukumbuka leo, baada ya miaka yote hiyo ya kutokuja kwenu. Usitie sahihi, Shangazi. Lakini usimwambie ukweli pia. Akijua, atamwambia Baba, Baba atamwambia Pasta, na jambo nililoficha ili kumsitiri nyanya litazungumzwa hadi na waliopiga makofi. Mwambie masikio yako hayasikii tena vizuri, au Kisuba kimekutoka. Hatabisha, maana hana namna ya kujua. Kisha uifute sauti hiyo kwenye simu yako, na ukiweza, uifute bila kuisikiliza.

Sikutaka kupiga simu kwa sababu humu ndani kuta ni nyembamba, kama ulivyosoma. Barua hii nimempa jirani yetu Mama Tryphosa, anayekuja huko kwenye mazishi ya kwao. Hajui kilichomo. Wasalimie wote na unishikie Apondi mdogo mkono. Nyanya anakusalimu, amelala mahali pakavu. Haya niliyoyaandika yabaki kwako peke yako, si kwa ajili yangu wala ya Lennox, bali kwa ajili yake.

Mtoto wako,
Marion