Upande wa Pili wa Banda

Mkolani, Mwanza

Dada Sabina,

Shikamoo. Sisi tunaendelea, ila kuna jambo la kuku wa nyama limenisumbua akili mpaka nikaona nikuandikie.

Nilitaka kujua kama kweli majani ya mlonge na kitunguu saumu vinawapa afya. Nikagawa banda kwa wavu: wa dirishani nawachanganyia kwenye chakula, wa upande wa pili wanakula chakula kitupu. Ajabu, wote wakanenepa sawasawa! Nikajiuliza, ina maana mlonge haufanyi kitu?

Jana asubuhi nikamkuta mama upande wa pili, anawamwagia mlonge kwa kiganja.

"Hawa nao wamekosa nini, Obedi? Unabagua watoto wa nyumba moja?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jaribio ndivyo lilivyokufa.

Ila dada, mkononi alikuwa na kikombe cha maji ya kitunguu saumu. Nikadhani ni ya kuku. Akayanywa yote. Kumbe vidonge vyake vya presha viko kabatini, mwezi mzima hajavigusa.

"Si wewe uliyesema tuachane na dawa za dukani?"

Nilikuwa nazungumzia kuku!

Nimembembeleza, hanisikii. Wewe anakusikia. Kutoka Sengerema siku hizi hakuna kusubiri kivuko cha Kigongo, daraja lipo. Njoo. La kuku nitalirudia na vifaranga wengine. Hili la mama sitaki kuona majibu yake.

Mdogo wako,
Obedi